Upande wa Pili wa Mbao

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima, cherehani ndiyo inayougua.

Kamati ya Kusikilizana imetaka kila mmoja amwandikie mtu wa upande wa pili wa ule ukuta wa mbao unaoligawa kanisa letu, ninyi wa kinanda kule, sisi wa ngoma huku. Nimekuchagua wewe kwa kuwa ndiye uliyeujenga. Sharti lao ni kwamba kabla hujajibu, urudie kwanza alichosema mwenzako, mpaka akubali kwamba ndivyo alivyosema. Najua utacheka.

Langu ni swali moja. Siku tulipomuaga mume wangu, ulikuwa wapi?

Mdogo wako, Mshonaji


11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti linauma likijisikia.

Haya, narudia: umesema nitacheka. Nimecheka hadi msumari ukanitoka mdomoni. Watu wazima mnakaa duara, mmebandikwa vikaratasi vya majina vifuani kama mizigo, na yule mwezeshaji wa kukodi anatabasamu tangu anapoingia hadi anapotoka. "Nakusikia, nakusikia." Kama anasikia, mbona tulipokutana barabarani aliniuliza jina mara nne?

Eti umoja. Mnapiga ngoma hadi vumbi linadondoka kutoka darini kwetu, mmevaa kanzu ulizoshona kwa kitambaa cha mapazia, halafu mnadai Roho ameshuka. Kama ameshuka, basi alikuja kuwaomba mpunguze sauti.

Kuhusu shemeji, jeneza nililitengeneza kwa mikono yangu, nikalipaka vanishi mara tatu. Mlitaka nini tena?

Kaka yako, Fundi


15 Februari

Kaka,

Shikamoo. Pole na msumari.

Umesema kamati ni kichekesho, kanzu zangu ni mapazia, Roho anaomba tupunguze sauti, na vanishi ulipaka mara tatu. Ndivyo ulivyosema? Sijaongeza hata uzi.

Sasa rudia langu. Lilikuwa moja tu, hata mtu mwenye majivuno yako angeweza kulikumbuka.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua, usinisute. Natumaini u mzima na cherehani imepona.

Jumamosi nilienda kwenye hicho kikao chenu, niwaone kwa karibu mnavyojidanganya. Wakanikalisha na mpiga ngoma wenu, yule muuza matairi, ambaye siku zote namwona bure kabisa. Nikammwagia yote, ngoma, mapazia, vumbi. Akayarudia neno kwa neno, taratibu, bila hasira. Nikamsikiliza huyo mtu anayesema maneno kama hayo, yaani mimi, nikamdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mpiga ngoma. Nilipotakiwa kukubali kwamba ndivyo nilivyosema, nilishindwa.

Haya. Umeuliza nilikuwa wapi.

Nilikuwa upande wetu, benchi la mwisho, peke yangu, sikio kwenye mbao. Ulisimama ukasema mumeo alikuwa akikoroma hata kwenye mahubiri, na sasa nyumba imekuwa kimya hadi unasikia friji ikinguruma. Ukasema kaka yako angecheka. Nililia, mdogo wangu. Mlango ulikuwa hatua kumi, lakini watu wangeniona nikiingia kwenu, na mimi ndiye niliyewaita wajinga.

Nimerudia sawasawa?

Kaka yako


4 Mei

Kaka,

Shikamoo. Cherehani imepona.

Ndivyo nilivyosema, ila kuna kitu umekiruka. Ulipiga chafya tatu mfululizo, kama unavyopiga tangu tukiwa watoto ukivuta vumbi la mbao. Kanisa zima lilisikia. Nilisema ungecheka kwa sababu nilijua upo, kisha nikanyamaza nikusubiri uzunguke. Walidhani nimezidiwa na kilio, wakaniletea kiti. Miezi saba nimesubiri useme mwenyewe.

Ukuta wako haukuzuia hata chafya. Fundi gani wewe? Jumapili uje na bisibisi, tuanze na ubao ulio karibu na benchi la mwisho. Mpiga ngoma atatushikia.

Mdogo wako