Majibu ya Holo

Mjukuu wangu Masanja,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ilemela tupo, ila miguu ya babu yako siku hizi haimfikishi hata ziwani.

Umeniuliza kwa nini wazee wa huku wanakataa kutoa damu kwa ajili ya utafiti wenu wa kichocho. Acha nikueleze habari za mdogo wangu, Holo.

Tulipokuwa wasichana kule Sengerema, watafiti walikuja shuleni wakatutoa damu. Walikuwa wapole, wakatugawia biskuti, wakasema majibu wataleta. Tumbo la Holo lilikuwa limeanza kuvimba, kwa hiyo aliyasubiri kuliko sisi wote. Gari likipita, alikimbilia barabarani. Baadaye akawa anaishia mlangoni. Mwisho alikuwa akiniuliza kutoka kitandani, "Dada, ni wao?"

Hawakurudi. Sisemi kwamba wao ndio waliomuua. Labda majibu yake yaliandikwa vizuri, na wasomi huko wakayasoma. Kwetu hayakufika.

Basi wazee wakikukatalia, usiseme ni ujinga. Mimi mwenyewe, mpaka leo, gari likisimama hapo nje, bado natamani kumwambia Holo ndiyo.

Bibi yako