Baba Alivyosalimia Duka Lililofungwa

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Soko la Zamani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe? Shemeji na wanangu watatu hawajambo? Yule wa mwisho bado anakataa kulala mchana? Sisi huku tu wazima, na leo naandika hivyo bila kukuficha kitu.

Kwa miezi kadhaa Baba, yaani baba yako mdogo, alikuwa hamalizi mtaa bila kusimama. Anasimama kwa kinyozi, anauliza habari za mama mkwe. Anasimama kwa muuza vyombo, anapindua masufuria asiyonunua. Nikawa namcheka kwamba uzee umemfanya mpiga soga, na oda za sare kaniachia peke yangu.

Siku moja muuguzi mmoja, mteja wetu, alimkuta amesimama mbele ya duka lililofungwa, anasalimia. Ndani hamna mtu. Akamwuliza, "Mzee, shavu la mguu linabana ukitembea, ukisimama linaachia, sivyo?" Baba akaanza kuzungumzia bei ya vitambaa. Muuguzi hakubabaika, akaja moja kwa moja kumsemea kwangu.

Nilimpeleka hospitali akiwa amenuna. Walimpima presha mkononi, halafu kwenye kifundo cha mguu wa kulia, na ya mguuni ikawa karibu nusu ya ile ya mkononi. Kisha wakampaka mafuta baridi na kupitisha kidude kinachotoa sauti ya damu inavyokwenda. Mguu wa kushoto ulivuma vizuri. Wa kulia, juu ya goti, ukawa unanong'ona tu. Mshipa ulikuwa umeziba.

Hapo ndipo aliponishika mkono. "Wakitaka kuukata, usitie sahihi. Ile ya kaka nilitia mimi, na mwanawe hajanisamehe."

Dada, mwana huyo ni wewe. Najua ulikuwa safarini siku marehemu Baba Mkubwa alipokatwa mguu, na uliporudi ulimwuliza Baba kwa nini hakukusubiri. Nilidhani hayo yalishakwisha. Kumbe mwenzetu alikuwa anaficha mguu wake kwa woga huohuo.

Basi, hawakukata kitu. Walipitisha waya mwembamba kinenani hadi palipoziba, wakavimbisha kiputo kidogo, njia ikapanuka. Baba alikuwa macho muda wote, anatazama kwenye skrini. Akamwambia daktari kwamba kazi zao ni moja, ila yeye akikosa tundu la sindano hulamba uzi na kujaribu tena. Daktari akamwomba asimchekeshe. Kesho yake tukarudi nyumbani.

Sasa ana vidonge, matembezi ya kila asubuhi, na sigara marufuku. Hili la sigara limemtia kisirani, juzi amegombana na pasi. Lakini unyayo una joto, na cherehani anaichochea mwenyewe. Nimefurahi mno.

Tuliporudi kuangaliwa, alimwuliza daktari kama kaka yake naye angeweza kutibiwa hivi akabaki na mguu wake. Daktari alimhoji taratibu. Baba akaeleza weusi uliopanda hadi shavu la mguu, na homa, na jinsi Baba Mkubwa alivyokuwa hajui tena anaongea na nani. Daktari akasema, "Mzee, mguu huo hata leo, na mashine zote hizi, ningeukata siku ileile. Ungesubiri, ungemzika." Baba alilia palepale kwenye kiti, na mimi nikalia. Baba Mkubwa aliishi miaka tisa baada ya hapo, Dada. Wanao wote aliwapakata.

Baba amenikataza kukuandikia haya, anasema utaona anajitetea. Nimeandika. Mpigie wewe mwenyewe, usimtumie tena salamu kupitia kwangu. Atajifanya ana kazi nyingi. Usikate simu.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi pia, anayesema picha ulizoahidi hajaziona. Msalimie Shemeji, wabusu watoto. Mungu awatunze na awape usingizi mwema, hasa huyo wa mwisho.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Kifungo