Ng'ambo ya Mto Uliyoiacha Tupu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini siwezi kuanza kukusemesha bila kukuamkia.

Nimechoka, baba. Mwaka wa sita huu niko mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Mikumi, na tangu tulipokuzika, picha yako ya mto ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma ya meza yangu. Wageni wakirudi kutoka mbugani na vumbi lao, husimama mbele yake na kuuliza ina maana gani. Nilikuwa nawajibu: ni mto Mkondoa asubuhi, ni utulivu. Wanaridhika, nawapa funguo.

Wiki iliyopita alifika mwalimu mstaafu kutoka Lumuma. Aliisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa, kisha akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Ukiwa karibu ni madoa tu," akasema. "Ukiwa mbali, maji yanatembea. Ila aliyechora hakuwa na utulivu. Tazama hiyo zambarau kwenye maji. Na ng'ambo hakupaka kitu. Huyu alikuwa amekata tamaa, binti yangu."

Nilitaka kumbishia, nikageuka kuitazama. Zambarau ile naijua. Ulianza kuipaka siku chache baada ya arobaini ya mama. Mchana kutwa ulikuwa unaandika vibao vya maduka pale Magomeni ya mji wetu, jioni unabeba rangi zilizobaki kwenda mtoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikakukaripia kama mtu mzima: "Baba, mbona maji ya zambarau? Mto wetu ni wa tope!"

Ukajibu bila kugeuka, "Naupaka ninavyouona leo, mwanangu. Kesho huenda ukawa wa tope."

Meneja alikuwa amemsikia yule mwalimu. Siku iliyofuata akaniambia amepata fundi wa kujaza miti pale ng'ambo, na nyumbu wawili watatu wanaokunywa maji, picha ichangamke.

Hapo ndipo nikakumbuka kwa nini pako tupu. Ni mimi niliyekuja kukuita. Nilikuwa nimesonga ugali peke yangu kwa mara ya kwanza, na mdogo wangu Zuhura alikuwa analia njaa. Nilisimama ukingoni nikasema, "Baba, chakula tayari." Brashi ilikuwa na rangi ya kijani, mkono umeshauinua kuelekea ng'ambo. Ukaifutia kwenye suruali, ukanyanyuka. Ugali ulikuwa na madonge, ukaumaliza wote. Picha ile hukuirudia tena.

Hukukata tamaa, baba. Uliitwa, ukaja.

Nilimwambia meneja kwamba picha haiguswi. Akasema basi niiondoe, ukuta ni wake. Nikaishusha mbele yake, nikaifunga kwenye kanga. Sasa iko chumbani kwangu. Nikitoka kazini navua viatu, nakaa sakafuni, naitazama. Wakati mwingine nauona mto wa zambarau kweli, wakati mwingine naona rangi tu. Miguu inaniuma, na sijui kazi hii nitaiweza mpaka lini. Lakini humu hakuna anayeniuliza maana yake, na sina wa kumweleza.

Kesho naingia zamu ya asubuhi. Pumzika, baba, nami niache nijinyooshe kidogo.

Mwanao wa kwanza