Jino la Chonge

Mbona hupokei simu? Basi soma.

Unalikumbuka lile fuvu la mbwa wa yule mama mshonaji, anayetaka kulitundika ukutani? Lile nililolichemsha, nikamwaga maji bila kuchuja, halafu nikakuta jino moja la chonge halipo?

Nilichakura mtaro mzima, wapi! Nikachonga jingine la plasta, nikaligundisha. Nikajiambia, nani atajua.

Leo kaja. Fuvu limetoka kwenye dawa jeupe pe, hata hakulisifu. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye lile jino. Moja kwa moja!

"Hili si lake."

Nikaanza kuapa. Mimi, kuapa! Mwisho nikakubali: nisamehe mama, nimelipoteza.

"Hukulipoteza, mwanangu. Ninalo."

NINALO!! Akafungua fundo la kitambaa. Jino la njano, shina lake jeusi. Nikamuuliza kalipata wapi.

"Daktari alilitoa shingoni kwa mjukuu wangu."

Jamani. Sikuuliza kama mtoto alipona. Macho yake yalinitosha.

Nikachukua brashi. Akanishika mkono. "Usilisafishe. Lirudishe hivyohivyo."

Nikang'oa la plasta. Lile lake likaingia lenyewe, hata gundi halikutaka.

"Sasa mfunge mdomo."

Nikazungusha waya kwenye taya.

"Kaza."

Nikakaza.

"Kaza tena."

Nimekaza mpaka mfupa ukalia, rafiki yangu, na yeye bado ananiambia kaza.