Kurasa Ulizoondoka Nazo

Kijiji cha Ujamaa Nemba,
Biharamulo.
19 Novemba 1978

Mpendwa Dada Limi,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote, hata yanayoniaibisha. Hujambo huko Shinyanga? Kifua kimepona? Masomo ya uuguzi je? Sisi wazima, ila Mama hali chakula vizuri tangu vita vianze.

Mwalimu Ndassa, aliyekuwa akitutafsiria ile riwaya ya sayansi kila Jumamosi, amekwenda vitani. Sisi wa kikundi cha kusoma tuliendelea wenyewe. Tulibishana sana kama viumbe wa nyota nyekundu wana roho. Mwenzetu Ciza alisema hawana, maana hawalii wafu wao.

Unakumbuka Mwalimu alitufundisha kuweka majina ya kwetu ili wadogo waelewe? Mto wa kitabuni mimi nikauita Kagera. Nimpaye, katibu wetu, akaandika maneno yangu ya hadithi ile daftarini: “Watashuka ng’ambo ya Kagera siku ya tatu. Taa zote zizimwe. Chakula kifichwe.”

Mgambo walipopekua nyumba wakalikuta daftari hilo kwa baba yake, Mzee Sindayigaya. Kwa kuwa alitoka Burundi, hawakuuliza mara mbili. Leo ni siku ya tisa yuko mahabusu wilayani. Maharage yake yanaozea shambani kwa mvua, na hakuna jirani anayethubutu kuyang’oa. Nimpaye akiniona anageuza njia.

Nilikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwambia maneno yale ni yangu. Akacheka.

“We binti Bulugu, vita utavijulia wapi? Rudi ukapalilie.”

Nikamwonyesha kurasa tulizobaki nazo. Akasema Kiingereza kisicho na jalada atajuaje kama si barua ya adui. Lakini katibu kata ameahidi kwamba akiliona jalada lenye jina la kitabu, atakwenda wilayani mwenyewe kumtetea Mzee. Mzee atahamishiwa Mwanza Ijumaa, tarehe 1 Desemba. Baada ya hapo hakuna wa kumfuatilia.

Mwalimu alipokifumua kitabu ili tusome kwa zamu, jalada na kurasa za mwanzo uliondoka nazo wewe, ziwe kumbukumbu.

Baba, Mama na Ciza wanakusalimu. Nisalimie Shangazi Nshoma. Mungu akufunike kwa mkono wake, nami bado namtumaini.

Barua hii nampa utingo wa basi; nijibu kupitia kwake. Uliwahi kuandika kwamba bwenini mnawashia moto karatasi kuukuu. Dada, jalada lile bado unalo?

Mdogo wako akupendaye daima,
Suzana