Mashuka ya Wadi ya Upasuaji

Dada mpendwa,

Sisi tunasukuma maisha. Paka wako amezaa tena. Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wawili wameacha kazi, na msimamizi anatuambia tuvumilie. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mgongo umenishinda. Jumatatu nafanyiwa upasuaji, hapa hapa hospitalini kwetu. Usimwambie mama. Naogopa, hata sala zinanikatikia mdomoni.

Unakumbuka ulivyonicheka kwamba kila shuka ninalopiga pasi lazima nimwombee mgonjwa atakayelilalia? Leo yaliletwa ya wadi ya upasuaji. Nikashika pasi, nikakwama: mgonjwa mwenyewe ni mimi. Nililia weee, kisha Bwana akanituliza. Maombi yote yale yananisubiri kule.

Basi Jumatatu, dada, silali kitanda cha ugenini.

Mdogo wako, mpiga pasi