Shiriri Uliyompigia Muhonja

Riyadh

Kwako Baba yangu,

Hujambo, na goti je? Natumai dawa ya kuchua imesaidia na sasa unafika shambani bila fimbo. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na madam hajanikosea. Lakini nina wivu, Baba. Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu jumbe za simu unazisikiliza mbele ya boma lote. Hii anakuletea jirani yetu wa hapa anayerudi Kenya likizo. Isome peke yako.

Unajua watu hawa joto likizidi hukimbia. Mwaka huu walienda Ayalandi, na kawaida yao ni kusafiri na mfanyakazi mmoja, yule ambaye mtoto wao mchanga, Reem, halii akiwa naye. Mimi ni mtu wa jikoni. Kila Reem alipoanza kulia nilimpa mpwa wako Muhonja ambembeleze, ili nisiunguze wali. Basi siku ya kufunga mizigo mtoto akamng'ang'ania nani? Mpwa wako akapanda ndege kwenda kwenye baridi, mimi nikapelekwa Jeddah kwa mama yake madam, kufua mazulia juu ya paa.

Huko ndiko nilikopokea video zake. Wakati wa kiangazi kule Ayalandi wanafunga barabara za mji, watu wanajaa na watoto wao, na wapigaji wanakaa kwa duara: fidla, filimbi, kodiani, na ngoma bapa ya kushika mkononi. Hakuna mwimbaji wa mbele. Mmoja anaanza, anayeujua wimbo anaingia.

"Imali, ungekuwepo!" aliniambia. "Miguu inacheza yenyewe. Hata Reem alikuwa anarusharusha miguu hapa mgongoni."

Ningekuwepo! Kwani ni nani aliyechukua nafasi yangu? Huyu ni Muhonja, ambaye fidla yetu wenyewe, shiriri, ikianza matangani yeye hulala. Fidla aliiita gitaa ya kukwaruza. Video nzima ni uso wake, na nyuma yake kiwiko cha mzee anayepiga. Mimi niliyekuwa nikikupakia utomvu kwenye upinde nikabaki kukitazama hicho kiwiko katikati ya mazulia, mpaka bibi akanihimiza, "Yalla, Imali!"

Hayo ningeyameza. Ila waliporudi, Muhonja, ambaye kumbe alikutumia video hizo na wewe, aliweka simu juu ya friji akaniambia, "Sikia mjomba alivyonijibu." Nikasikia shiriri. Baba, tangu tumzike Mama hukuigusa. Siku niliyoondoka nilikuomba unipigie kidogo tu, ukasema vidole vimekufa. Kumbe vilikuwa vinamngoja mzee wa Ayalandi! Umeufuata wimbo wake kwa uzi mmoja na umeupata, isipokuwa pale wimbo unapogeuka. Nililia, maana ulikuwa mtamu, na nilikasirika kwamba ulikuwa mtamu.

Kisha ukaanza kutaja watu, kama mpigaji anavyofanya. Ukamtaja Muhonja na ukoo wa baba yake. Ukamtaja yule mzee, ukimwita ndugu yako usiyemjua jina. Ukamtaja hata Reem, ambaye hajaota meno. Nilisimama na mwiko mkononi nikingoja. Wimbo ukaisha.

Madam alikuwa mlangoni. Akauliza kama huo nao ni wa Ayalandi.

"La, madam, ni mjomba wangu," Muhonja akajibu akitabasamu.

Nikasema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia katika nyumba hii, "Ni baba yangu mimi. Mimi ndiye mtoto wake!"

Madam akanitazama. "Halas, Imali, basi, nimesikia," akasema, akachukua chupa ya mtoto akaenda zake. Tangu siku hiyo mimi na Muhonja tunapeana chumvi bila kutazamana. Sijamwomba radhi na sijui kama nitamwomba.

Nisalimie dada yangu mkubwa na watoto wake, na yule mwalimu wa kwaya anayeniulizia kila Jumapili. Msalimie pia shangazi, mama yake Muhonja, lakini haya usimwambie.

Ayalandi siidai, Baba. Waende hata kila mwaka, nami nifue mazulia ya Jeddah yote. Nataka uishike shiriri, unitumie kwenye simu yangu mwenyewe. Si lazima uwe wimbo mrefu, wala usihangaike na pale unapogeuka. Ila kabla upinde haujagusa uzi, nitaje.

Ni mimi bintiyo,
Imali